Waziri Aliyeachwa Wazi

Siku mume wangu alipokataa kula waziri wangu, nilijua nyumbani mwetu ameingia mtu wa tatu. Sisemi waziri wa serikali. Nasema yule wa sataranji, mwenye nguvu kuliko wenzake wote ubaoni, ambaye vijana wa siku hizi wanamwita malkia. Mie mchezo nilifundishwa na bibi mmoja wa Kihindi, mjane mwenye duka, jirani yetu hapa Makorora, Tanga. Yeye alimwita waziri, basi kwangu ni waziri mpaka nife.

Ngoja nieleze, maana najua mtu atasema, hivi mwanamke mzima unamshuku mumeo kwa sababu ya mchezo? Ndiyo. Na nina sababu.

Mume wangu kakulia Mabawa, kwenye baraza la drafti. Anayezijua drafti za kwetu anaijua sheria: ukiwekewa kete ya kula, utakula. Hakuna kusema nimeshiba. Ukijifanya hukuiona, kete yako inaondolewa ubaoni na unachekwa mpaka adhana ya magharibi. Ndiyo maana wajuzi wa drafti hushinda kwa kulishana: anakulisha moja hapa, anakula tatu kule. Mtu aliyelelewa na sheria hiyo mkono wake hauombi ruhusa kichwani. Ukimwekea, kashakula.

Sataranji haina sheria hiyo. Ukipewa unaweza kula, unaweza kuacha. Nilimwambia mume wangu jambo hilo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, nilipoanza kumfundisha, na nikarudia mpaka nikachoka. Anakubali kwa mdomo, mkono hausikii. Basi miaka yote hiyo nikawa namshinda kwa mtego mmoja tu. Namwacha anibane, anisogelee, ajione bingwa. Halafu namwinua farasi aliyekuwa akimkinga waziri wangu, waziri anabaki wazi, naye anamfyeka palepale na kunichekea. Anapomaliza kucheka, farasi wangu wawili wameshamzingira mfalme wake, hana pa kwenda. Wallahi hata mara moja hakujifunza. Nilikuwa nampenda kwa hilo, sitaki kusema uongo. Mtu anayenaswa kila siku na mtego uleule unamwona kama hana hila.

Yule bibi wa duka, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkavu. Kwake hakukuwa na nyongeza. Ukinunua fungu la pilipili, hata moja ya juu huipati, na ukiomba anakutazama mpaka unaona haya. Lakini akikaa kwenye ubao anagawa kama mwenye sadaka, na kila alichonigawia kilinitoa roho. Alikuwa akiniambia kwamba ukibanwa usijikunyate pembeni ungoje kuchinjwa. Aliyekujia karibu kakuacha mlango wa kwake wazi. Mtupie kitu kikubwa, akiwa anatafuna haoni. Mie nikatoka kwake na mambo mawili: mchezo, na tabia ya kuuliza kila nikipewa kitu, hiki cha nini?

Sasa hiyo Jumapili. Mume wangu kazi yake iko Horohoro, mpakani, anawashughulikia wenye malori karatasi zao za forodha. Siku za kazi hulala hukohuko, mwisho wa wiki hurudi nyumbani. Baada ya alasiri tukaweka ubao barazani kama kawaida. Nikabanwa kweli siku hiyo, si kwa kujitakia. Ngome yangu moja ilishakwenda, mfalme wangu kapigiwa kambi mlangoni. Nikafanya dawa yangu ileile. Farasi juu, waziri wazi.

Mkono wake ukatoka. Ukafika juu ya waziri, vidole vikafunguka. Ukasimama. Halafu akaurudisha, akaukalia. Nasema akaukalia, kauweka chini ya paja lake, akabaki anamtazama farasi wangu. Alipoutoa akasogeza askari mmoja mnyonge tu, na mie nikawa sina mchezo tena.

"Leo sili," akasema.

Alinishinda. Akafurahi, nami nikampongeza, nikaenda jikoni kupasha mbaazi. Huko jikoni nikasimama mbele ya sufuria, nikaanza kupiga hesabu. Mtu hageuki hivi hivi. Mkono wa Mabawa haufundishiki na mke, nimejaribu. Kuna mtu kamfundisha, kakaa naye ana kwa ana, ubao katikati, muda mrefu, mpaka akamwambia kalia mkono wako. Na huyo mtu kasikilizwa kuliko mie.

Nilimwuliza kwa upole, nani huko Horohoro anacheza sataranji. Akasema kajifunza kwenye simu. Simu! Mtu ambaye akitaka kumtumia mtu picha ananiletea mie nimtumie. Nikasema haya, vizuri.

Tangu hapo nikawa naona. Au niseme, nikawa nayahesabu niliyokuwa nikiyaona. Kulikuwa na khanga, doti baada ya doti, nzuri, zile za kutoka ng'ambo ya mpaka. Likaja friji wakati lile la zamani bado linagandisha. Ikaja pete. Mume wangu si bahili, lakini si mtu wa zawadi zisizo na sababu. Idi ni Idi na siku nyingine ni siku nyingine. Kwetu pwani huku kila mtu anaijua sababu moja ya zawadi kumiminika. Mwanamume akitaka kuongeza mke, humpoza yule mkubwa. Humletea khanga, humletea dhahabu, halafu anakaa naye chini anamwambia, mke wangu, jambo lenyewe ni hili. Ni desturi, na ina adabu yake. Mie nilipewa vya kupozea, habari yenyewe sikupewa.

Halafu yakaja matofali. Yalishushwa uani kwetu siku mie niko sokoni, yakapangwa vizuri kando ya ukuta. Akasema anataka kuongeza vyumba viwili vya kupangisha. Nyumba hii ni ya marehemu mama yangu. Aliijenga kwa kuuza maandazi na mbaazi, na mie nauza hivyo hivyo, barazani palepale alipokuwa akikaa yeye. Nilizaliwa kwenye chumba cha mbele. Nikayatazama yale matofali nikajiuliza, mpangaji gani huyo anayejengewa vyumba na hakuna aliyekuja kuviulizia?

Nikaenda kwa shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyebaki mkubwa wa kwetu. Nikamsalimu, nikamenya machungwa yake ya Muheza, nikamweleza yote, pamoja na la waziri. Alicheka mpaka machozi. Akaniambia wivu utanizeesha, ati mwanamke nikipewa asali natafuta nyuki. Akasema mumeo ni mtu wa swala tano, anakuletea mpaka friji, wewe unataka nini tena, au unataka akupige ndiyo uridhike? Jirani zangu nao hivyohivyo. Kila mtu akawa ananiona mie ndiye mwenye kasoro. Kuna siku niliamini. Nililala mchana mzima nikijisomea Kuliaudhu, nikimwomba Mungu aniondolee shetani wa dhana mbaya.

Lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na hata nilipoacha kuwaambia watu, moyo wangu ulisema kila siku.

Nikakaa nikaitazama hali yangu kama ninavyoutazama ubao. Nikimwuliza, atakana. Nikigombana, nitakuwa mke mkali asiye na shukrani, na wote wameshasema hivyo. Nikimfuata Horohoro, nitajidhalilisha, na atapata habari kabla sijashuka kwenye gari. Nikinyamaza, vyumba vitajengwa, na siku moja nitafungua mlango wa uani wa mama yangu nimkute mtu anaanika nguo. Kila njia niliyoiona ilikuwa ya kujikunyata. Nilikuwa nimebanwa, na nilitaka jambo moja tu: nijue, na wajue, kabla tofali la kwanza halijaingia ardhini.

Basi nikaona nimpe. Nimpe kitu kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo, mbele ya watu, nione mkono wake.

Niliwaalika shangazi yangu na mjomba wa mume wangu, mzee wa Mabawa aliyesimamia ndoa yetu. Ilikuwa siku ya Jumamosi, chakula cha mchana. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikajifunga moja ya khanga zake mpya, nikavaa na pete. Wageni wakala, wakasifu. Mume wangu alikuwa na furaha, anamkatia mjomba wake minofu. Nilipomimina maji ya kunawa nikakaa mkekani, nikasema nina neno dogo, wazee wangu mko mnisikie.

Nikamwambia mume wangu kwamba nimeona anavyohangaika huko mpakani, peke yake, hana wa kumpikia. Sheria ya Mungu inamruhusu, nami nani nimzuie. Kama yupo mtu, sitaki ajifiche kama mwizi.

"Mlete," nikasema. "Mlete hapa hapa. Chumba cha mbele nitampa yeye, mie nitahamia uani."

Chumba cha mbele! Shangazi aliacha kufuta mikono. Akanitazama kama nimepandwa na jini, kwa sababu anajua chumba kile nani alikufa humo. Mie macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa mume wangu. Ulikuwa juu ya goti. Nikasema moyoni, ukalie. Nilimwombea, wallahi, aukalie. Aseme, mke wangu una wazimu, hakuna mtu. Au anyamaze tu, amtazame farasi kwanza. Ningeomba radhi mbele ya wazee wale, ningetubu, ningezivaa khanga zake zote kwa raha.

Mkono ukanyanyuka, ukaushika wangu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mke wangu, umenitua mzigo. Ijumaa nitamleta."

Mjomba wake akainamisha kichwa. Shangazi akasema jina la Mungu polepole. Mume wangu alikuwa bado kaushika mkono wangu, anaubusu, anaeleza ya kwamba ni mtu mzuri, mwalimu, ana adabu, alitaka kuniambia siku nyingi alikuwa anaogopa kuniumiza. Kumbe yote yalikuwa yamefanyika, nikahi na kila kitu, kabla hata ya friji. Kwenye ubao alikwisha kujifunza kukataa. Nyumbani alikuwa bado yuleyule kijana wa baraza la Mabawa, kawekewa, kala. Niliondoka nikaenda uani, nikakaa juu ya matofali yake, nikalia. Nilikuwa nimeshinda, na iliniuma kuliko kushindwa kokote.

Shangazi alinifuata. Hakuniomba msamaha, watu wazima wetu hawaombi, lakini alikaa kando yangu akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. Akaniuliza sasa Ijumaa utafanya nini, na chumba cha mama yako umeshakitoa? Nikamwambia sijui. Yule bibi wa duka alinifundisha kutoa. Kinachofuata baada ya kutoa huwa kinategemea mwenzio kaacha mlango gani wazi, na mlango huo nilikuwa sijauona.

Ijumaa, baada ya swala, kirikuu kikasimama mbele ya nyumba kimejaa: kitanda, kabati, ndoo, mafungu ya vitabu yamefungwa kamba. Mume wangu akashuka, lakini hakuja mlangoni. Akazunguka nyuma ya gari akaanza mazungumzo marefu na dereva kuhusu kamba. Nikamwona anavyojificha nikaanza tena kushuku. Mtu aliyepewa ruhusa mbele ya wazee, anaogopa nini?

Aliyekuja mlangoni ni yeye mwanamke. Mdogo kwangu, mweusi wa kupendeza, baibui lake limenyooshwa vizuri, mkononi kabeba kikapu cha korosho. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke wa kila aina. Wa majivuno nilimwandalia maneno, wa machozi nilimwandalia maneno. Yeye akavua viatu, akainama, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo wifi," akasema. "Kaka yako anakusifu kila siku. Ahsante kwa kutupokea."

Wifi. Dada wa mume.

Nikamwingiza ndani, nikamkalisha, mgeni ni mgeni. Nikamletea chai. Nikamwuliza taratibu huyo kaka yangu kamwambia nini, naye akaeleza bila wasiwasi, kwa sababu hakuwa na la kuficha. Aliambiwa mume alikuwa na mke, wakaachana zamani. Makorora anaishi na dada yake mkubwa, mjane, kwenye nyumba ya marehemu mama yao. Dada yuko peke yake, anaona upweke, ndiye aliyetaka wahamie. Vyumba vya uani vinajengwa ili dada apate pake. Kila neno lilikuwa la nyumba hii, kasoro mie.

Nikanyanyuka, nikaenda ukutani, nikatungua picha ya harusi yetu. Nikaiweka juu ya meza mbele ya kikombe chake.

Aliitazama muda mrefu. Mkono wake wa kulia ulitoka, kama anataka kuichukua aione vizuri, ukafika nusu ya njia ukasimama. Halafu akaurudisha, akaukalia.

"Ni wewe uliyemfundisha," nikasema.

Hakuelewa kwanza. Nikamwonyesha ubao uliokuwa dirishani, na vipande vyake ndani ya mkebe wa biskuti. Macho yakamjaa maji. Akasema ndiyo, yeye huwafundisha wanafunzi wake shuleni, na mume alikuwa akila kila kitu, ndipo akamwambia akalie mkono. Akamwambia mtu akikupa kitu kikubwa bure, kwanza jiulize anataka nini.

Nikamwuliza, na wewe ulipopewa nyumba na wifi, ulijiuliza?

"Sikujiuliza, dada," akasema. "Nilifurahi."

Nikatazama khanga niliyokuwa nimevaa, maana ilikuwa ile ile ya Jumamosi, na pete kidoleni. Nikamwambia hata mie mwanzoni nilifurahi. Tukakaa. Chai ikapoa. Sikumchukia, na nilikuwa nimejiandaa sana kumchukia, ikabidi chuki yote ile niitafutie pa kwenda, na ilikuwa haina haja ya kwenda mbali. Ilikuwa pale nje inafunga kamba.

Alinyanyuka yeye kwanza. Akaniambia chumba cha mama yangu nikae nacho, yeye ana nyumba ya walimu na hajarudisha ufunguo. Akaniachia kikapu cha korosho. Akavaa viatu, akatoka, akamwambia dereva asishushe kitu, ageuze gari. Dereva akamtazama mume wangu, mume wangu akamtazama mkewe, mkewe akapanda mbele na kufunga mlango. Watu wa kwetu wana usemi wao, Tanga waja leo waondoka leo. Jirani mmoja alikuwa dirishani, sijui kama alikumbuka usemi huo au alikuwa anashangaa tu.

Kirikuu kikaondoka na kitanda chake na vitabu vyake. Mume wangu akabaki katikati ya barabara, vumbi miguuni, mfuko wake wa nguo ameushika. Akaja mpaka kwenye ngazi ya baraza. Alitazama njia ya Horohoro, akanitazama mie. Nilikuwa nimempenda mtu huyu kwa kudhani hana hila, na nilikuwa namtazama nikitafuta kama bado yumo mle ndani.

"Na mie je?" akauliza.

Nikamwambia ajiamulie mwenyewe, zamu yangu nimeshacheza. Nikavua pete, nikaiweka juu ya ukuta wa baraza, pale kati yetu, mahali anapoweza kuifikia.

Mkono wake ukatoka. Alikuwa ameshaishika alipogundua kuwa ameichukua.

Nikafunga mlango wa mama yangu, nikaenda kuroweka mbaazi za kesho.